Kusafirisha tangi la mafuta la mtumba kutoka Sharjah hadi Mwanza: tathmini ya huduma ya wakala wa mizigo

Wakala wa mizigo ninayemtathmini hapa anafanya kazi Sharjah, katika eneo la viwanda ambako Waafrika Mashariki wengi hununua injini, giaboksi, milango na vipuri vingine vilivyofunguliwa kwenye magari yaliyokwisha kutumika. Kazi yake ni kukusanya mizigo ya wateja wengi ndani ya kontena moja na kuipeleka bandari ya Dar es Salaam. Nilimtumia kusafirisha matangi mawili ya mafuta: moja la chuma, lililotoka kwenye Toyota Land Cruiser ya dizeli ya toleo la 70, na jingine la plastiki, lililotoka kwenye gari dogo la petroli. Yote mawili yalikuwa yakija Mwanza, kwenye gereji ninayoisimamia. Sitaji jina la wakala huyo wala la kampuni nyingine zilizohusika, kwa sababu ninachotaka msomaji apate ni vigezo vya kumpimia wakala yeyote, awe wa Sharjah, Dubai au Kariakoo.

Uamuzi wangu nautoa mapema. Huduma hii ni nzuri, ina kasoro chache nitakazozieleza, na uzuri wake mkubwa ni kwamba wakala alikataa kupokea matangi yangu jinsi muuzaji alivyoyaleta. Mteja mwenye haraka angeweza kuliona jambo hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa ndiyo huduma yenyewe niliyoilipia.

Ili kukataa huko kueleweke, inabidi kueleza kwanza hatari iliyomo ndani ya tangi ambalo mafuta yake yamekwisha kumwagwa. Petroli haiwaki ikiwa bado ni kimiminika; kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka pale mvuke unapokuwa kati ya takriban asilimia 1.4 na asilimia 7.6. Tuchukue tangi la lita 70, kama la Toyota Hiace. Asilimia 1.4 ya nafasi hiyo ni karibu lita moja ya mvuke, na lita moja ya mvuke hutokana na petroli ya karibu kijiko kimoja cha chai. Vijiko viwili vya chakula vinatosha kuufikisha mvuke huo karibu na ukomo wa juu. Kwa hiyo mabaki yanayobaki kwenye kona za tangi baada ya kuliinamisha na kulitikisa, ambayo muuzaji huyahesabu kuwa si kitu, ndiyo hasa kiasi kinachohitajika kulifanya tangi lilipuke, ilhali tangi lililojaa mafuta huwa na nafasi ndogo ya hewa na mvuke wake huwa mwingi mno kuweza kushika moto humo ndani.

Joto huongeza tatizo. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze ndani ya kontena lililoachwa juani katika Ghuba mwezi wa Julai, ambamo joto linaweza kupita nyuzi 60. Dizeli ni tulivu zaidi, kwa kuwa mvuke wake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi kabla haujaweza kushika moto, lakini joto la kontena la namna hiyo huweza kufikia kiwango hicho pia. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo ukivuja hautawanyiki kwenda juu. Hutambaa sakafuni na kutuama chini ya mizigo ya watu wengine.

Sheria inalitazama jambo hili kwa jicho hilohilo. Usafirishaji wa shehena hatari kwa meli unaongozwa na kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, ambazo ni za lazima tangu Januari 2004 chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Ndani ya kanuni hizo petroli imewekwa kwenye daraja la 3, yaani vimiminika vinavyowaka, kwa namba UN 1203, na dizeli iko kwenye daraja hilohilo kwa namba UN 1202. Msingi wake ni kwamba chombo kilichowahi kubeba bidhaa hatari huhesabiwa sawa na kilichojaa bidhaa hiyo mpaka zichukuliwe hatua za kuiondoa hatari. Mwenye tangi lililotumika ana njia mbili za halali: kulitangaza kuwa shehena hatari, pamoja na tamko, vibandiko, mtaalamu aliyefunzwa na ada zinazoendana nayo, au kulisafisha mpaka mvuke uishe na kuweza kuonyesha kwamba umekwisha. Kuandika tu kwenye hati kwamba ni vipuri vya gari na kunyamaza juu ya mengine si njia ya tatu. Ni udanganyifu, na kampuni za meli zimeanza kuuadhibu vikali. Hapag-Lloyd ya Ujerumani, kwa mfano, ilitangaza adhabu ya dola 15,000 kwa kila kontena lenye shehena hatari iliyofichwa au iliyotangazwa vibaya, kuanzia Septemba 2019. Katika kontena la kuchangia, adhabu hiyo na ucheleweshaji wake huwaangukia hata wale walioweka magodoro na vyombo vya jikoni.

Hatari ya kuamini karatasi inayosema chombo ni kitupu ilidhihirika kwa namna ya kusikitisha tarehe 11 Mei 1996, pale ndege ya ValuJet, safari namba 592, ilipoanguka Florida na kuua watu wote 110 waliokuwamo. Katika sehemu ya mizigo kulikuwa na vifaa vya kuzalishia oksijeni vilivyopakiwa kwenye maboksi, na hati zake zilieleza kwamba mitungi hiyo ni mitupu, ingawa haikuwa hivyo. Hakuna aliyeithibitisha kauli ile kabla ya mzigo kupanda. Tangi la mafuta si kifaa cha oksijeni, ila njia ya kuingia kwenye maafa ni hiyohiyo.

Sasa nije kwa wakala mwenyewe. Kabla ya kunipa bei aliniuliza matangi yametoka kwenye magari yanayotumia mafuta gani, ni ya chuma au ya plastiki, yalifunguliwa lini, kama pampu na boya la geji bado vimo ndani, na kama kuna mkebe wa mkaa unaonasa mvuke wa petroli uliounganishwa na tangi. Mawakala wengine niliowaomba bei waliuliza vipimo na uzito peke yake. Nawashauri wasomaji wayachukue maswali hayo kama kipimo cha kwanza, kwani asiyeuliza tangi lilikuwa na mafuta gani hawezi kuwa na mpango wowote wa kuyaondoa.

Muuzaji alikuwa ameacha pampu ndani ya tangi la petroli, na mkebe wa mkaa ukiwa umefungwa ubavuni. Wakala aliagiza vyote vitolewe. Pampu huhifadhi mafuta ndani ya kikombe chake hata tangi likiwa kavu, kwa hiyo ilioshwa na kukaushwa peke yake na kufungwa kwenye mfuko wake. Mkebe aliukataa kabisa, kwa maelezo kwamba mkaa ule umetengenezwa kunasa mvuke wa petroli na hakuna namna rahisi ya kuthibitisha kuwa umeuachia wote. Nilipomsihi aupakie kwa sababu mpya ni ghali, alinijibu kwa lafudhi yake ya Pemba: “Kaka, huu siuwezi kuusemea. Nitakupakilia ninachoweza kukisemea.” Nilikubaliana naye, na mkebe nikautafuta Dar es Salaam.

Usafishaji ulifanyika kwenye karakana ya jirani, katika uwanja ulio wazi na mbali na mafundi wa kuchomelea, na wakala alinitumia picha na video za kila hatua. Mafuta yaliyobaki yalifyonzwa kwa pampu ya mkono huku tangi la chuma likiwa limeunganishwa na ardhi kwa waya ili umeme tuli usitoe cheche. Kisha tangi lilijazwa maji ya moto yenye sabuni ya kuondoa grisi, likatikiswa, likamwagwa, na zoezi likarudiwa mpaka maji yakatoka bila utando wa mafuta juu yake. Maji machafu yalikusanywa kwenye pipa na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wa mafuta machafu, jambo nililolifurahia sana, kwa kuwa karakana nyingi humwaga maji hayo mtaroni. Mwisho hewa ilipulizwa ndani kwa muda mrefu ili kulikausha.

Baada ya hapo kilifuata kipimo cha gesi. Kifaa hiki husoma mvuke kwa asilimia ya kile kiwango cha chini cha kulipuka nilichokitaja hapo juu, na mpira wake mwembamba hupitishwa mpaka chini ya tangi, kwa sababu huko ndiko mvuke mzito unakojikusanya. Katika kazi nyingi za viwandani, usomaji wa asilimia 10 ya kiwango hicho huchukuliwa kuwa ukomo wa tahadhari. Wakala huyu hapakii tangi mpaka kifaa kisome sifuri, tena mara mbili: mara baada ya kukausha, na asubuhi yake, baada ya tangi kulala likiwa limezibwa.

Kipimo hicho cha asubuhi ndicho kinachoitofautisha huduma hii na nyingine zote nilizozifahamu, na manufaa yake yalionekana kwenye tangi langu la plastiki. Matangi ya namna hiyo hutengenezwa kwa polithini nzito, mara nyingi yakiwa na utando wa kuzuia mvuke katikati ya tabaka zake. Miaka ya kukaa na petroli huifanya plastiki ya ndani inyonye kiasi cha mafuta, na mafuta hayo huendelea kutoka polepole hata baada ya tangi kuoshwa vizuri. Jioni kifaa kilisoma sifuri. Asubuhi, lilipozibuliwa, kilionyesha mvuke tena. Lilioshwa upya, likaachwa wazi likipulizwa hewa kwa siku kadhaa, na halikupakiwa mpaka lilipolala na kuamka bila mvuke. Kontena nililokusudia liliondoka bila tangi hilo. Fundi wangu alilalamika kwa kucheleweshewa kazi, lakini kama tangi lingepimwa jioni ile peke yake, lingekwenda baharini na cheti kisicho cha kweli.

Wengine huuliza kwa nini wasitumie moto au hewa ya joto kali kuharakisha. Kwa plastiki jibu ni kwamba tangi litapinda na kuharibika. Kwa chuma lenye mabaki ya mafuta jibu ni kwamba linaweza kumuua fundi. Wapo wenye uwezo wa kusukuma naitrojeni au hewa ya ukaa ndani ya tangi ili kuiondoa oksijeni, na njia hiyo ni sahihi kwa mikono iliyofunzwa, lakini haiondoi mafuta; hulinda kwa muda ambao gesi hiyo imo ndani tu.

Cheti cha usafishaji nilichopewa kinaeleza aina ya tangi na namba ya kipuri, mafuta ya mwisho yaliyokuwamo, njia iliyotumika kuliosha, usomaji wa vipimo vyote viwili, na sahihi ya aliyepima, pamoja na picha za kioo cha kifaa. Nakala moja iliambatanishwa na orodha ya mizigo, na nyingine ikagandishwa kwenye kreti. Wakala wangu wa forodha wa Dar es Salaam aliniambia kwamba cheti hicho kilimrahisishia kuwajibu maofisa waliouliza kuhusu maboksi yale. Hata hivyo kina upungufu ambao nimemwandikia wakala: hakionyeshi ni lini kipimo chenyewe kilisahihishwa mara ya mwisho. Kifaa cha kupima gesi huchakaa, na kisiposahihishwa huweza kusoma sifuri mahali penye hatari. Kwa huduma iliyosimama juu ya usomaji wa kifaa, tarehe hiyo haipaswi kukosekana.

Ufungaji ulikuwa wa wastani. Mashimo yote yalizibwa kwa vifuniko vya plastiki, vifuko vya kufyonza unyevu vikawekwa ndani, na kila tangi likatiwa kwenye kreti la mbao. Kreti la tangi la chuma lilitosha. La tangi la plastiki lilikuwa na misumari iliyotokeza kwa ndani, na mmoja ulikuwa umekwaruza ubavu wa tangi; haukutoboa, lakini haukuwa mbali na kutoboa. Maandishi ya nje yalikuwa ya Kiingereza na Kiarabu tu. Wapakuaji wa Dar es Salaam na Mwanza, ambao ndio wanaoubeba mzigo kwa mikono yao na ambao huenda wakavuta sigara karibu nao, wanastahili kusoma kwa Kiswahili kwamba tangi limesafishwa na kupimwa, na kwamba lisiwekwe karibu na moto hata hivyo.

Kuhusu ndege nitasema machache. Niliulizia bei kwa ajili ya tangi la plastiki lilipochelewa, na ilizidi thamani ya tangi lenyewe. Mwongozo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, unaotolewa kila mwaka huvitaja vipuri vya magari miongoni mwa mizigo inayoweza kuficha bidhaa hatari, matangi yaliyowahi kuwa na mafuta yakiwamo, kwa hiyo mpokeaji wa mizigo ya anga hulazimika kuuliza, na tangi lililothibitishwa kuwa salama huandikiwa kwenye hati yake ya safari kwamba limekaguliwa na halina kizuizi. Mteja asiye na cheti cha usafishaji asijisumbue kwenda uwanja wa ndege.

Sehemu dhaifu zaidi ya safari nzima ilikuwa ile ya nchi kavu, ambayo wakala wa Sharjah hahusiki nayo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na njia iliyozoeleka ya kutuma kipuri ni basi la abiria. Kwenye ofisi ya vifurushi niliyoiendea, karani hakuuliza lolote kuhusu yaliyokuwa ndani ya tangi wala hakutaka kuona cheti. Aliulizia tu kama litaingia kwenye buti. Matangi yangu yalikuwa masafi, lakini yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo, na angempokea kwa namna ileile mtu aliyeleta tangi lililofunguliwa asubuhi hiyohiyo katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, likiwa bado linanukia petroli. Buti la basi ni chumba kilichofungwa, kiko chini ya miguu ya abiria hamsini au zaidi, na lina joto mchana kutwa. Naona ni wajibu wa kampuni za mabasi, na wa LATRA inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kuhakikisha kwamba karani wa vifurushi anauliza maswali yaleyale aliyoniuliza yule wakala. Mimi nilichagua lori la mizigo, ambalo lilichukua muda mrefu zaidi, na dereva akapewa nakala ya cheti.

Matangi yalipofunguliwa Mwanza, la plastiki lilikuwa halina harufu, na mkwaruzo niliotaja haukuleta uvujaji lilipojazwa maji kwa majaribio. La chuma lilikuwa na vumbi jepesi la kutu kwenye mshono wa chini, matokeo ya kuoshwa kwa maji na kusafiri kupitia unyevu wa bahari. Tuliliosha tena kabla ya kulifunga kwenye gari, kwa kuwa vumbi hilo lingeziba chujio la dizeli. Wakala angeweza kulipunguza kwa kukausha muda mrefu zaidi na kuongeza vifuko vya kufyonza unyevu, na amekubali kufanya hivyo kwa matangi ya chuma.

Kuna jambo moja ambalo cheti hakiruhusu, na nalieleza kwa msisitizo kwa sababu nimeona mafundi wakilichukulia kwa wepesi. Tangi lililosafishwa kwa ajili ya safari halijawa tayari kuchomelewa. Ndani ya matangi mengi ya chuma mna kuta za kupunguza mtikisiko wa mafuta, na kwenye mishono ya kuta hizo hubaki utando wa dizeli usiotoa mvuke wa kuonekana kwenye kipimo mpaka upashwe joto. Moto wa kuchomelea ukigusa bati kwa nje, utando huo hugeuka mvuke papo hapo. Mabano ya tangi langu yalihitaji kurekebishwa, na kazi hiyo niliipeleka kwa fundi mwenye vifaa vya kusafishia kwa mvuke wa maji na kupima upya, si kwenye gereji yangu.

Kwa upande wa gharama, usafishaji na upimaji uliongeza karibu theluthi ya bei ya tangi la petroli, na kidogo zaidi ya robo kwa lile la dizeli. Kwa tangi la chuma la Land Cruiser, ambalo jipya lake ni ghali na la mtumba lililo zima ni adimu hapa Mwanza, gharama hiyo inalipa bila shaka. Kwa tangi la plastiki la gari dogo hesabu ni ngumu zaidi: ukijumlisha usafishaji wa mara mbili, kreti, kontena lililokosekana na lori, tofauti na bei ya tangi jipya inakuwa ndogo, na mteja atafanya vyema kuulizia jipya kwanza. Atakayeamua kununua la mtumba amwombe wakala picha ya kipimo cha asubuhi kabla ya kulipia nafasi kwenye kontena, na amwambie muuzaji atoe pampu na mkebe wa mkaa kabla tangi halijaondoka dukani kwake.